Karani wa Matokeo

Mimi ndiye niliyeandika. Penseli moja,
daftari la kurasa mia, jasho la viganja.
Mechi saba, vipigo saba,
na kocha Ndesanjo aliyeaga wiki ya tatu
akisema anakwenda Himo kuzika;
hadi leo msiba haujaisha.

Mpira tulikuwa nao mmoja.
Fundi viatu wa Pasua aliushona mara mbili,
mara ya tatu akacheka:
"Huu sasa umekuwa kapu lenyewe."

Eliringia, anayeinamia milango yote ya chuo,
alitutazama kutoka nje ya uzio.
Ada haijalipwa. Jina lake limebandikwa ubaoni
pale kwa mhasibu,
si ubao ule aliouzoea.

Robo ya nne, Arusha wanaongoza kwa thelathini na moja.
Mshana katoka kwa rafu ya tano,
Lyaruu kifundo kimevimba kama kiazi.
Refa akauliza, "Mmebaki wangapi?"
Tukahesabu kama watu wanaogawana mkate:
watatu.

Nikampa penseli dada wa chai.
Nikavua makubazi.
Saruji ilikuwa bado ya moto, ina changarawe,
na pete, ukiitazama kutoka chini yake,
ndogo kuliko nilivyokuwa nikiiandika.

Nilirusha mara moja. Ukagonga chuma, ukatoka.
Kule uzioni Eliringia akapaza sauti:
"Kunja kiganja! Kiganja, we karani!"

Daftarini, kwa mwandiko wa dada wa chai,
jina langu limekosewa herufi moja.
Sijalifuta.