Risiti ya Felismina

Miaka kumi na mmoja
alipanda mteremko wa Taboão, mjini Bahia,
sinia kichwani: bajia za kunde, pilipili,
mafuta ya mawese yakimchuruzika sikioni.
Kila Jumamosi bwana alihesabu chake.
Kilichobaki alikishona ndani ya pindo la sketi,
sarafu kwa sarafu,
hata kila hatua ikawa inalia kama njuga.

Leo karani Anacleto amechovya kalamu.
"Jina?"
Akataja la ubatizo.
Lile jingine, alilopewa na bibi yake ng'ambo ya maji,
hakuna aliyewahi kuliuza;
hapakuwa na haja ya kulinunua.

Hati imekunjwa mara nne.
Hajui kusoma. Anainusa:
wino, ndimu, jasho lake mwenyewe.

Jikoni kwa bwana
binti yake Delfina, miaka saba,
anapeta mchele usio wake
kwa mikono isiyo yake.
Kila akirefuka, bei hupanda.

Felismina anateremka sokoni.
Anauliza kunde zauzwaje.
Pindo li tupu, jepesi,
upepo wa bandari unalichezea.

Anatafuta sindano.