Bi Esha

Zilikuwa herufi tatu za Kizungu ubavuni mwa tenki,
B, S, A. Kibokoni hatukuzisoma hivyo.
Tulimwita Bi Esha.
Ndipo Mwanakombo, wiki ya pili ya ndoa,
alipoambiwa na watoto, "Mumeo yuko kwa Bi Esha,"
akajitupia buibui na kunifuata hadi uani kwa Jaswant,
akanikuta nimelala chali chini ya chuma,
oili nyeusi ikinidondokea kooni.
Hakucheka. Alicheka mwaka uliofuata.

Kabla yangu alikuwa wa Fonseka, Mgoa, karani wa reli,
aliyempeleka kanisani Jumapili
na kumfunika shuka siku sita.
Mimi shuka sikumpa. Nilimpa barabara,
nilimpa daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea,
mbao zikigongana chini ya magurudumu
kama meno ya mtu mwenye homa.

Hewa yetu ina chumvi. Ukimsahau usiku mmoja nje,
asubuhi spoki zishaota wekundu.
Basi nilimpangusa kabla sijanawa uso.
Cheni niliitokosa kwa grisi ndani ya sufuria ya pilau.
Gasketi nilizikata kwa mkasi, kwenye boksi la biskuti.
Plagi niliisugua msasa, nikaipuliza
kama uji wa mtoto.
Na Jaswant, bisibisi kaikita kwenye injini, mpini sikioni,
macho kayafumba, kilemba kimemwendea upande:
"Valvu ya moshi hii, rafiki yangu, inasema uongo."
Miaka kumi na mmoja tuliihoji ile valvu.
Haikukiri.

Nilimuuza mwaka Mwanahawa alipoitwa chuo.
Mwanyumba wa Voi alilipa noti zilizofungwa kwa mpira wa tyubu,
akampakia juu ya lori, katikati ya mifuko ya saruji.
Sikutoka kuangalia. Nilisikia kamba tu, zikikazwa.
Nikabaki na spana moja
ya vipimo ambavyo nati za leo hazivijui.
Inazuia mlango usibamizwe na upepo.

Vijana wa bodaboda hapa chini husema, toa, tia mpya.
Siwalaumu. Tajiri anangoja hesabu yake jioni,
na kusikiliza hakuna malipo.

Juzi, simu. Namba nisiyoijua.
"Mimi mwanawe Mwanyumba. Baba alitutoka mwezi wa tatu.
Pikipiki imekataa kuwaka. Kwenye daftari lake
kuna namba yako, na chini yake neno moja:
Muulize."

Nimwambie nini? Mambo haya mkono ndio unaoyajua,
ulimi haukuwahi kuambiwa.
Ikabidi nisimame pale sebuleni,
nikashika usukani wa hewa,
na mguu wangu wenye baridi yabisi ukaanza kutafuta kiki.
"Mlaze kushoto kidogo. Bonyeza kile kichuchu cha kabureta
mpaka petroli itoke machozi.
Mpige mateke mawili ya polepole, ya kumwamsha tu. Ngoja."
"Ningoje kiasi gani?"
"Kiasi cha kumeza mate.
Na usimkasirikie, anajua. Haya, sasa."

La kwanza, kimya.
La pili, akakohoa.
La tatu
kijana akapiga ukelele, akaisogeza simu karibu,
na sebule yangu ikajaa,
vikombe kabatini vikaniitikia, au nilidhani,
na ndani ya ngurumo ile, ko, ko, ko,
valvu ya moshi, uongo wake ule ule,
haukupungua hata neno.

Mwanakombo akatokeza mlangoni, mwiko mkononi.
"Nani huyo?"
"Bi Esha."
Akasimama. Akainamisha kichwa, sikio moja mbele,
vile vile alivyokuwa Jaswant.
Mchuzi ukaanza kushika chini jikoni, tukausikia harufu,
hakwenda.
"Mwambie," akasema,
"namdai sufuria."