Utepe Juu ya Mahindi

Nilipanda Jumatatu, mvua ya kwanza ingali na harufu ya vumbi.
Jumatano nikatoka na kikombe cha chai
nikakuta mashimo.
Madogo, nadhifu, kila hatua moja shimo moja,
utadhani kindi naye ana kamba ya kupimia
kama ile niliyotumia mimi.

Wala hakula punje nzima. Kiini tu,
lile jicho dogo jeupe ambalo ndilo lingekuwa muhindi.
Yaliyobaki kayaacha juu ya udongo
kama mgeni anayebakiza ukoko kwa adabu.

Endovo wa ng'ambo ya kijito alisema: majivu.
Nikamwaga majivu ya wiki mbili.
Mvua ikayanywa usiku uleule.
Kijana wa duka la pembejeo pale Chavakali
alinishauri sumu, akashusha sauti kama muuza bangi;
nikamwambia nina kuku kumi na mmoja
na mjukuu anayelamba kila kitu.
Mjukuu nikampa debe na kijiti cha kugongea.
Aligonga asubuhi moja.
Saa nne nilimkuta amelala juu ya gunia,
debe kichwani kama kofia,
na kindi, mkia wima, yupo mstari wa tatu
anafukua bila haraka,
mtu na shamba lake.

Ndipo nikakumbuka kanda.

Zilikuwa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha Mama,
saba, kila moja na mwandiko wa Mudaki:
Nakuru, Machi. Nakuru, Krismasi.
Mama hakujua kusoma, basi kaka yangu alimwandikia kwa mdomo:
alikaa chumbani kwake Kivumbini baada ya zamu ya kinu cha unga
akazungumza na redio kaseti.
Huku nyumbani tuliizunguka yetu kama tunaota moto.
Alikohoa, alicheka, aliuliza bei ya ng'ombe,
na nyuma yake treni inapita. Kila kanda, treni inapita.
Redio ilikufa kabla ya Mama.
Mudaki alikufa kabla ya redio.

Niliuvuta utepe wote, mweusi, mwembamba, unateleza vidoleni,
nikaufunga kigingi hadi kigingi juu ya mistari.
Upepo wa alasiri ukashuka kutoka vilima vya Maragoli
na utepe ukaanza: vuuu, vuuuu.
Si maneno.
Nilitega sikio sana, na si maneno.

Siku tatu kindi hawakuonekana.
Nikajisifu mpaka kanisani.

Siku ya nne utepe wa mstari wa sita ulikuwa umekatika,
na si kwa upepo: umetafunwa.
Nikaangalia juu. Kwenye panda ya mparachichi
kiota cha majani makavu, na ndani yake
kitu cheusi kinametameta.
Wamejitandikia.
Ile ya Krismasi, labda, au ile ya Machi
aliyosema atakuja na blanketi.

Niliegemeza ngazi. Nikapanda vidato viwili.
Nikashuka.

Mbegu nimekopa kwa Endovo, kilo mbili, nitalipa nikivuna.
Usiku huu zimelala ndani ya pilipili iliyotwangwa,
macho yananiwasha hadi sasa.
Kesho napanda upya, mstari wa sita kwanza.
Wakitaka kulalia sauti ya kaka yangu, walalie.
Mahindi ni yangu.