Kibao Kimehama

Kuamkia Jumanne kibao kilihama.
Hatukusikia sururu, hatukusikia lori.
Mbwa wa Thoya, anayebwekea hata mwezi, alinyamaza.
Kulipokucha tukaona mashimo mawili kando ya lami,
mchanga mbichi pembeni,
kama ufizi uliong'olewa meno.

Miaka yote kilitutazama sisi.
KARIBU MALINDI, kwa herufi nyeupe.
Ukitoka kumwaga makapi ya chai: karibu.
Ukiwa na deni la unga: karibu.
Ukisindikiza jeneza: karibu.
Tulikaribishwa hadi tukazoea kutoingia.
Na ukirudi jioni ulikiona mgongo tu,
bati la kutu lisiloandikwa hata kwaheri,
ila namba ya mchimba visima, kwa mkaa,
tarakimu ya mwisho imefutwa na mvua.

Sasa wamekikita uani kwa Nyevu,
baina ya jiko na zizi.
Basi Nyevu anapikia mjini, anakamia shamba.
Mbuzi wakija kudokoa maganda ya muhogo
wanavuka mpaka bila kulipa ushuru,
na yule beberu wa pembe moja
alikojolea nguzo siku ile ile.
Uso wa kibao unaangalia mapori ya mbele.
Sisi, tulioingizwa, tumepewa mgongo.

Alhamisi akaja karani na tepu ya chuma,
soksi zimejaa vishona-nguo.
"Nyinyi sasa ni watu wa mjini," akasema.
Akapima choo cha Mwaringa, akakiandika: jengo.
Akauliza nani ana leseni ya kusuka makuti.
Mbodze, wa darasa la nne, akamuuliza yeye:
"Na maji je?"
Maana bomba linapita chini yetu, nene kama mnazi;
usiku ukilaza sikio sakafuni
unalisikia likienda zake.
Karani akaiachia tepu,
ikajirudisha yenyewe ndani, ta!
"Mambo ni hatua kwa hatua."

Mimi ni msukaji. Leseni yangu ni hii sugu.
Nusu ya Malindi nimeiezeka kwa vidole hivi:
mahoteli ya ufukweni,
majumba ya Wataliano yanayofungwa miezi minane
na mlinzi mmoja ndani akiongea na redio.
Nikipita chini ya mapaa yao nalitambua fundo langu,
lile la mwisho, la kushoto, alilonifunza mama.
Kwangu nimepiga mabati.
Kuti ni mali; mwenye njaa halalii mali.
Kwa hiyo karani aliposema mji umetufikia
nilicheka kimoyomoyo.
Mji ulitoka hapa, bwana,
kuti moja moja, shilingi kumi na tano.

Ila kuna jambo hatukumwambia.
Pale kibao kilipokuwa
ndipo tulipobadilishia viatu.
Unatoka nyumbani na kandambili,
viatu vya mjini vimo mkobani;
ukifika chini ya kibao unajipangusa vumbi,
unavaa, unajinyoosha, unakuwa mtu mwingine kidogo.
Kandambili unazisukuma kichakani kwenye mkwamba.
Jozi kumi, siku ya gulio hata ishirini,
zinalala humo zikingoja wenyewe,
na hakuna aliyewahi kukosa hata upande.
Sasa je? Tuvalie viatu kitandani?
Nyevu avue kimoja akienda kukama?

Juzi ikanyesha.
Yale mashimo mawili yakajaa.
Alfajiri, nikiwa na mzigo wa makuti kichwani,
nikamkuta Bi Jumwa, anaenda kupimwa presha,
ameinama penye shimo la kulia,
anachota kwa kiganja,
anaosha kisigino kimoja, anakikagua,
anaosha cha pili.

"Lakini mama, hapa ni mjini tayari.
Hata kule kitandani kwako ni mjini."

"Nimesikia," akasema.
"Hebu nishikie mkoba."