Tiketi Arobaini

Tiketi arobaini, alisema Profesa Kobalia,
zitafudikizwa mezani kama karata.
Utaokota moja. Hiyo ndiyo bahati yako,
na bahati, akaongeza huku akifuta miwani,
husomewa.

Lile akarudi na mvua ya Kutaisi mabegani,
akakata boksi la viatu vipande arobaini,
akaviandika namba, akavitia kwenye kopo la chai.
Zilibaki wiki tatu.
Usiku wa kwanza alikipaka kitabu kizima rangi ya manjano,
kurasa zikawaka kama shamba la alizeti.
Asubuhi nikamuuliza: neva ya kiwiko hupitia wapi?
Akafungua mdomo.
Ukatoka mvuke wa chai tu.

Mimi si msomi. Mimi ni mwokaji.
Saa tisa usiku nainamia tanuri la udongo,
nabandika mikate kwenye ukuta wake wa moto.
Mkono wangu wa kulia una makovu kumi na moja
na kila moja nalijua tarehe yake.
"Nipe huo mkono," akasema Lile,
na kitabu akakifunga.

Hapo ndipo kusoma kulipoanza.

Kwa kalamu ya buluu akachora toka bega hadi kiganja,
bila kuchungulia,
na alipokosea hakufuta: alizungushia duara.
Hapa sipajui, alisema. Hapa nitarudi kesho,
kisha keshokutwa, kisha baada ya siku nne.
Nikaenda kazini na makosa yake ndani ya shati.
Zviad, mwenye duka, akauliza
kama nimejichorea ramani ya kutoroka.

Mifupa minane ya kifundo:
mmoja mashua, mmoja mwezi mchanga,
mmoja mdogo kama njegere, umejibanza
pale pale ninapokandia unga.
Alinifundisha, sikuelewa.
Akanifundisha tena kwa maneno mepesi.
Mara ya tatu nikaelewa, na yeye akashtuka:
kumbe naye ndiyo kwanza anaelewa.

Kisha ukaja ule usiku.
Mama yake alipiga simu kutoka Mestia,
theluji imefunga barabara, na mtoto wa jirani amefaulu.
Lile akachota kikaratasi: thelathini na tatu, limfu.
Akakirudisha. Akachota. Thelathini na tatu tena.
Akalia, akaapa kwamba hatalala mpaka siku ya mtihani,
akajipanga na kahawa kama askari na risasi.

Sikubishana naye.
Nilipanda kiti, nikafungua balbu,
nikaitia mfukoni ingali na joto,
nikaenda kuoka nayo.

Alilala saa tisa. Hakuniongelesha siku mbili.
Siku ya tatu akanionyesha mkono wangu mwenyewe:
maduara yalikuwa manne tu.

Asubuhi ya mtihani alikula nusu mkate, akaacha nusu,
akaondoka bila kitabu. Mimi, mikono kwenye unga,
nikajikuta nataja majina kimoyomoyo,
msuli kwa msuli, hadi Zviad akadhani nasali.

Akarudi saa nane, viatu chepechepe.
"Ngapi?"
"Thelathini na tatu."
Tukanyamaza. Mfereji wa bati ukaongea badala yetu.
"Nilianza na ninachokijua," akasema.
"Mkono wako. Toka vidoleni kwenda kwapani,
kovu baada ya kovu. Limfu nayo hupanda hivyo hivyo.
Nikaifuata. Mahali fulani ilinipotea.
Nikamwambia: hapa sipajui."

"Akasemaje?"
"Alifuta miwani."

Majibu ni Ijumaa.
Amelala na koti, mguu mmoja una kiatu.
Nimevuta kopo la chai,
nimechota kimoja bila kuangalia, namba ishirini na sita,
na hapa jikoni, mbele ya sufuria na dirisha,
najibu.