Nyuzi za Zihalirwa

Dawati letu lilikuwa moja, Zihalirwa,
wewe upande wa dirisha, mimi upande wa mlango,
na katikati birika lako la chai.
Vijiko vinne vya sukari.
"Kimoja changu," ulisema,
"vitatu vya wale watakaoingia bila kukaribishwa."
Daktari alikukataza. Uliacha siku mbili.

Jumatatu hii birika limepoa.
Mvua imeteremka Kadutu na udongo wake,
imepenya chini ya mlango, imelamba kona za mafaili,
na hakuna wa kuitukana kwa Kimashi.

Tumetumwa tufungue droo yako.
Ripoti ya robo ya pili, haijakamilika
(mkuu alijua, sote tulijua,
ulikuwa mvivu wa karatasi, ndugu yangu, tusikufiche).
Miwani ya zamani, mkono mmoja umefungwa kwa waya wa simu.
Karanga zilizovunda.
Na bahasha ya kaki
imetuna kama shavu la mwenye jino bovu.

Ndani, nyuzi.
Za gunia, za sweta, za kushonea viatu,
kila mmoja na fundo lake
na kipande cha karatasi:
*Ajuwa, wa Panzi.
Byamungu, wa sokoni.
Wawili wa Kalehe, hawataki kutenganishwa.*

Mtoto alipoletwa usiku
na polisi, au na jirani aliyechoka,
sisi wengine tulishika kalamu:
Jina? Baba? Kijiji?
Naye akatazama dari.
Wewe ulipiga goti kwenye saruji,
ukapokea kisigino kama anayepokea yai,
ukanyoosha uzi hadi kidole gumba, ukapiga fundo.
"Anza na mguu," ulituambia.
"Mguu unajua ulikotoka. Kinywa kitafuata."

Kesho yake ulipanda sokoni, uzi mfukoni,
ukarudi na kandambili za kumtosha.
Nilikuuliza, mbona hununui kubwa kidogo, za kukulia?
"Za kukulia hununua mama
mwenye hakika ya mwakani.
Sisi tumpe leo."

Yule binti aliyekumbuka tu daraja linalotikisika
na harufu ya matofali yakichomwa,
ulimtafutia bibi yake Jumamosi tatu kwa miguu,
ukarudi umepauka vumbi, unacheka peke yako.
Na yule mvulana tuliyemrudisha kwa mjomba
akatujia tena na mgongo ulioandikwa kwa fimbo,
saini ilikuwa yako, na yangu chini yake.
Wiki nzima hukuniongelesha.
Hata chai uliinywa umegeukia ukuta.

Makaburini alikuja mwashi mmoja, viatu vyeupe kwa saruji,
hakuna aliyemjua.
Alisimama nyuma ya wajomba zako,
na kaburi lilipojaa akavua kofia, akasema,
"Mimi nilikuwa uzi wa sweta. Wa kijani."
Akaondoka kabla ya chakula.
Nimeutafuta. Upo.
Haufiki hata nusu ya mguu aliokuja nao.

Uzi mmoja hauna jina.
Mfupi kuliko kidole changu cha kati.
Nimemwuliza Nabintu wa mapokezi, nimemwuliza mlinzi,
nimepekua daftari tangu mwaka wa mafuriko.
Hakuna.

Jana niliupeleka sokoni.
Muuza kandambili aliupima kwa jicho tu.
"Wa Zihalirwa?"
Nikaitika.
"Mtoto yuko wapi?"
Nikasema sijui.
Akafunga jozi ya bluu katika gazeti, akakataa hela,
akageukia mteja mwingine.

Zipo hapa, upande wa dirisha.
Mvua haijakata.
Ripoti yako bado sijaigusa.