Kuku wa Nabbosa

Kila alfajiri nasoma mavi ya nguruwe
kama wengine wasomavyo gazeti.
Pumba za kinu cha Nyendo, nilizokopa,
ziliingia pumba, zikatoka pumba;
kuku wa Nabbosa wakachakura humo,
wakashiba kwa deni langu.

Ssebuliba wa duka la dawa kanipa pakiti ya kimeng'enya:
"Unga huu una meno
ambayo tumbo la nguruwe halikujaliwa.
Utazikata nyuzi ngumu. Usichemshe tu."

Nikachanganya, nikinung'unika.

Wiki ya tatu: mavi haba, laini, meusi;
jike langu limejaa mgongo.
Deni bado lipo.
Ila leo kuku wa Nabbosa wamekuja,
wamechakura, wamechakura tena,
wakanitazama kwa jicho moja,
wakaenda zao na njaa.